Sura ya Tano: Ngozi ya Anayeuguza

Penye mgonjwa wa kitandani hapa Kindu, iwe Kasuku, Mikelenge au ng'ambo ya mto huko Alunguli, swali ni lile lile: "Nikishamwogesha, ninawe na nini ili ugonjwa usinishike?" Mara nyingi anayeuliza huwa na jibu lake tayari. Ni chupa ya Javel, dawa ya klorini. Ameinunua sokoni, harufu yake inachoma pua, na kwa kuwa inachoma anaamini inafanya kazi. Wapo wanaoimimina kiganjani bila hata tone la maji, wakasugua mpaka mikono ikaanza kuteleza kama kambale. Utelezi huo peke yake ungetosha kumtia mtu shaka, maana kinachoteleza si ugonjwa unaotoka bali ni mafuta ya ngozi yake mwenyewe na tabaka la juu linaloanza kuliwa na dawa.

Sura hii inatetea jambo moja. Ngozi iliyo nzima ndiyo kinga ya kwanza ya mtu anayeuguza, na dawa yoyote inayoitoboa ngozi hiyo, hata kama imeua vijidudu vyote vya saa hii, inamwacha mtu wazi mbele ya vijidudu vya saa ijayo. Ninaposema anayeuguza simaanishi muuguzi wa hospitali mwenye koti jeupe. Namaanisha mama, binti, mke, kaka au shemeji anayemgeuza mgonjwa usiku, anayefua kikwembe chake, anayemlisha uji. Hospitalini humwita garde-malade, neno la Kifaransa ambalo huku limeshakuwa letu, na tunavyojua sote, kazi ya kuosha na kulisha humwangukia yeye hata pale penye daktari. Akirudi nyumbani na mgonjwa wake anabaki peke yake na kazi ile ile, na sanduku la glavu limebaki hospitalini.

Ukuta wa matofali yaliyokufa

Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa ingefunika karibu mita mbili za mraba, lakini sehemu inayozuia vijidudu ni nyembamba kuliko karatasi. Kijidudu ni kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho kinachoweza kuleta ugonjwa. Bakteria ni aina moja, na virusi, vilivyo vidogo zaidi na visivyoweza kuzaliana mpaka viingie ndani ya chembe za mwili, ni aina nyingine. Tabaka la juu kabisa la ngozi limepangwa kwa chembe zilizokwisha kufa, safu kama 15 hadi 20, na katikati ya chembe hizo yamejaa mafuta. Fikiria ukuta wa matofali: chembe ndizo tofali, mafuta ndiyo udongo unaoyashikanisha. Anayejenga Kindu anajua mvua inavyofanya. Haianzi kwa kuvunja tofali. Inalamba kwanza udongo wa katikati, ufa unatokea, na baada ya hapo hata mchwa hupita. Sabuni kali, maji ya moto na klorini hufanya vivyo hivyo kwenye mkono: hutoa mafuta ya katikati, ngozi ikakauka, ikapasuka kwenye vifundo vya vidole, na kila mpasuko ukawa mlango.

Ukuta huu una ulinzi wa pili ambao watu wachache huujua. Ngozi yenye afya ni chachu kidogo, na uchachu huo huwapendeza bakteria wasio na madhara wanaoishi juu yake maisha yetu yote huku ukiwasumbua wengi wa wale wabaya. Kwa hiyo mkononi mwako kuna makundi mawili. Wapo wenyeji wa parseli, waliojenga humo na kukaa, ambao kwa kawaida hawana neno. Na wapo wapita njia, walioshuka pirogi leo asubuhi: kinyesi ulichofuta, usaha ulioupangusa, makohozi, ute wa kidonda. Hawa wapita njia wamekaa juu juu tu na huondoka kwa kunawa vizuri. Kosa kubwa la kusugua kwa dawa kali ni kuwafukuza wenyeji na kubomoa nyumba zao, kisha kuwaachia wageni kiwanja. Mikono yenye ukurutu na mipasuko hukutwa mara nyingi na bakteria aitwaye stafilokoko, yule anayeleta majipu na usaha, kuliko mikono mizima, na kumtoa kwa kunawa ni kazi zaidi kwa sababu amejificha ndani ya nyufa. Mtu wa namna hiyo, kwa bidii yake yote, amekuwa mbebaji.

Glavu zilikuja kwa sababu ya mikono ya nesi

Watu hudhani glavu za hospitali zilibuniwa ili kumkinga mgonjwa na vijidudu. Historia yake inaanzia kwingine. Karibu mwaka 1889, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, daktari wa upasuaji William Halsted alikuwa na nesi aliyeitwa Caroline Hampton. Siku hizo waliokuwa wakisaidia upasuaji walichovya mikono katika dawa ya zebaki, kali ya kuua karibu kila kitu, na mikono ya Hampton ikaharibika kwa ukurutu kiasi kwamba alikuwa karibu kuacha kazi. Halsted akaiomba kampuni ya mpira ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba. Ilichukua miaka kadhaa ndipo madaktari wakatambua kwamba glavu zilezile zinapunguza pia usaha kwenye vidonda vya wagonjwa. Kilichotafutwa mwanzoni ni kuokoa ngozi ya anayehudumia. Usalama wa mgonjwa ulifuata nyuma yake, na sioni hilo kuwa bahati tu: mkono mzima ndio unaoweza kusafishika.

Kwa hiyo ukiwa na glavu, zivae kwa kazi za majimaji: kinyesi, damu, usaha, matapishi, vidonda vya mpox. Zivue kwa kuzigeuza ndani nje, kisha unawe, kwa maana glavu huwa na vitundu visivyoonekana na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Usizivae kutwa nzima ukipika na kufagia nazo, maana jasho la ndani hulainisha ngozi kama maharage yaliyolowekwa. Na kama ni za mpira wa asili, usijipake Vaseline wala mafuta ya kula kabla ya kuzivaa; mafuta huudhoofisha mpira ule hadi ukachanika. Pasipo glavu, mfuko safi wa plastiki usiotoboka, uliofungwa kifundoni, unaweza kukusaidia kwa kazi moja, kisha unatupwa.

Jaribio la mawese

Wasiwasi wa kawaida ni huu: sabuni ni ya kuondoa uchafu, itawezaje kushindana na virusi? Jibu liko kwenye sahani ya sombe. Mtu akimaliza kula sombe iliyoungwa kwa mawese, vidole vyake hubaki na rangi ya machungwa. Akimwagiwa maji matupu, maji hukusanyika vitone vitone juu ya mafuta na kuteleza, rangi ikabaki. Akitia sabuni, rangi huondoka. Sababu ni kwamba kila chembe ya sabuni ina ncha mbili: moja inashikana na mafuta, nyingine inashikana na maji, hivyo sabuni huyang'oa mafuta na kuyakabidhi kwa maji yanayotiririka. Virusi vingi vimevikwa ganda la mafuta, vikiwemo vya mpox, Ebola na korona, na ncha ile ile inayong'oa mawese hulipasua ganda hilo. Vingine havina ganda, na hivyo huondolewa kwa kusuguliwa na kusukumwa na maji hadi chini. Sabuni ya mche ya kawaida inatosha. Ile iliyoandikwa kwamba inaua vijidudu haijaonyesha, kwa kunawa mikono nyumbani, faida ya kukufanya ulipe zaidi.

Mawese hayo yanaweza pia kukufundisha unaposahau. Paka tone moja mikono yote miwili, fumba macho, unawe kwa sabuni kama ulivyozoea, kisha fumbua. Rangi itakuwa imebaki mahali fulani, na karibu kila mtu hubakiwa nayo palepale: dole gumba, ncha za vidole, kingo za kucha, katikati ya vidole, chini ya pete. Ndiko vijidudu navyo hubaki. Kunawa kwa sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, kuanzia kulowesha mpaka kukausha, huonekana kurefu kwa anayehesabu na kufupi kwa aliyeliona dole gumba lake.

"Mbona wakati wa Ebola tulinawa klorini?"

Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 huko Kivu ya Kaskazini na Ituri, uliopata watu 3,470 na kuua 2,287, ndoo za maji ya klorini ziliwekwa vizuizini, makanisani na sokoni, na waliosafiri hawajasahau harufu yake. Lakini maji yale ya mikono yalikuwa na klorini ya asilimia 0.05 tu. Yale ya asilimia 0.5, makali mara kumi, yalikuwa ya sakafu, viatu na vitu. Yale mepesi ngozi huyavumilia, na yaliwekwa kwa sababu yanafaa kwa msururu wa watu barabarani. Javel ya chupa ni habari nyingine: yenye nguvu ya nyuzi 12 ina klorini karibu asilimia 4, yaani mara 80 ya maji yale ya kizuizini. Anayeimimina kiganjani akisema anafanya kama wakati wa Ebola, anafanya jambo ambalo hakuna kikosi cha Ebola kilichowahi kumwambia afanye.

Mwingine, aliyesoma zaidi, atamtaja Semmelweis. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari huyu aliwalazimisha wenzake kunawa kwa chokaa ya klorini kabla ya kuzalisha. Mwezi Aprili wazazi kama 18 katika kila 100 walikuwa wanakufa katika wodi yake. Kufikia Juni walikuwa kama 2. Je, si klorini iliyowaokoa? Ilisaidia. Lakini tazama ilipowekwa. Madaktari wale walitoka chumba cha maiti, walikopasua miili, wakaingia moja kwa moja kwa mzazi. Semmelweis aliweka beseni katikati ya chumba cha maiti na wodi. Wodi ya pili, ya wakunga wasiogusa maiti, ilikuwa na vifo vichache tangu mwanzo bila klorini yoyote. Kilichoamua ni njia ambayo mkono ulipita, na saa uliponawiwa. Ukinawa Javel asubuhi mara moja kisha ukashika kidonda, sufuria na mtoto kwa zamu, umeichukua chokaa ya Vienna ukaliacha beseni.

Na Javel si mbaya, ila tu ina mahali pake. Jina lenyewe latoka Javel, kijiji kilichokuwa kando ya Paris ambacho sasa ni mtaa wa mji huo, ambako katika miaka ya 1780 dawa hii ilianza kutengenezwa kutokana na ugunduzi wa mwanakemia Berthollet. Kazi yake ilikuwa kung'arisha vitambaa. Kwenye nguo, ndoo na sakafu ndiko inakofaa:

- Kwa sakafu, ndoo na choo: kikombe 1 cha Javel ya nyuzi 12, vikombe 7 vya maji.
- Kwa nguo na shuka zilizokwisha kufuliwa kwa sabuni: chukua kikombe 1 cha mchanganyiko huo wa kwanza, ongeza vikombe 9 vya maji, loweka dakika 30, suuza.
- Osha uchafu kwanza, kwa kuwa klorini huishia kwenye uchafu kabla haijafika kwa vijidudu.
- Usiimimine kwenye beseni lenye mkojo wala kuichanganya na siki au dawa nyingine. Hewa yenye sumu hutoka.
- Changanya ya siku hiyo tu. Kesho nguvu imepungua.

Kwa ufupi, mpaka hapa: sabuni kwa mikono, Javel kwa vitu, glavu kwa majimaji.

Saa za kunawa

Kunawa kila dakika kunaharibu ngozi na hakuna anayeweza. Ni afadhali kujua saa zenyewe: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kugusa kidonda au kumlisha, mara baada ya kushika majimaji ya mwili, unapomwacha, na baada ya kushika kitanda au vyombo vyake hata kama yeye hukumgusa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Mtu hukunja shuka, akaenda kukanda fufu.

Baada ya kunawa, kausha kwa kitambaa chako mwenyewe, kwa kukandamiza na si kusugua, kisha jipake mafuta kidogo. Hapa watu hupinga: mafuta si yatanasa vijidudu? Mafuta yanayopakwa juu ya mkono uliokwisha kunawiwa hujaza udongo uliolambwa katikati ya matofali, na mkono usio na nyufa hunawika haraka zaidi mara ijayo. Vaseline inatosha. Mafuta ya kiini cha mchikichi, wale walioyazoea, nayo yanafaa. Ila kopo lako liwe lako. Vidole vya mgonjwa na vyako visikutane humo. Jioni ndiyo saa nzuri ya kujipaka vizuri, kazi ya maji ikiwa imekwisha. Ukiwa na mpasuko au kidonda mkononi, kifunike kwa plasta au kitambaa safi kabla ya kuogesha mtu, na kama yupo mwingine ndani ya nyumba mwenye mikono mizima, siku hizo mwachie yeye.

Maji yakiwa haba

Pingamizi zito kuliko yote halihusu dawa, linahusu maji. Bomba la REGIDESO, shirika la maji, halifiki kila parseli, na bidoni iliyobebwa kichwani kutoka kisimani au mtoni ina wengi wanaoingoja: chungu, watoto, mgonjwa mwenyewe. Ni kweli. Lakini kinachokula maji ni beseni. Beseni moja wanaponawa watu watano ni mchuzi wa mikono ya watu watano. Chukua bidoni ya lita 5, itoboe kwa msumari karibu na kitako, uache msumari uwe kizibo. Ukiuchomoa maji hutoka kama uzi. Lowesha, ziba, paka sabuni na usugue maji yakiwa yamezibwa, kisha fungua usuuze. Kwa njia hiyo maji ya kutosha glasi chache hufanya kazi ya beseni zima. Itundike karibu na mlango wa chumba cha mgonjwa, kwa sababu ikiwa nyuma ya jiko hutakwenda. Maji yasiyofaa kunywewa bado yanaweza kutumiwa kunawia yakiwa maangavu. Sabuni ikiisha, jivu jeupe la kuni husaidia, ila lina magadi makali, hivyo suuza vizuri na usilifanye la kila siku.

Je, mgonjwa hataona anachukiwa?

Wapo wanaojua haya yote na bado hawanawi, kwa kuona aibu. Mama anaona akivaa glavu mbele ya mwanawe, au akikimbilia maji baada ya kumshika mkwewe, anamtangaza kuwa najisi. Heshima hiyo ni ya kweli, na hakuna kijitabu kinachopaswa kuidharau. Lakini kunawa kunaanza kabla ya kumgusa, na hapo maana yake inageuka: mikono inasafishwa kwa ajili yake. Ngozi ya mgonjwa ni dhaifu kuliko ya anayemuuguza. Aliyelala muda mrefu hupata vidonda vya mgongoni na nyongani asipogeuzwa kila baada ya saa mbili, mkojo unaokaa huichoma ngozi, na stafilokoko wa mkononi mwako huingia humo. Mwambie hivyo waziwazi: "Baba, nanawa nisikuletee vya nje." Ni kweli tupu.

Mkoa wetu wenyewe una ushahidi wa thamani ya kazi hii. Tunda, hapa Maniema, na Kole katika mkoa wa Sankuru, zilikuwa mahali pa utafiti wa dawa ya mpox iitwayo tekovirimati, ulioongozwa na taasisi ya INRB ya Kinshasa pamoja na Marekani. Waliingia watu 597. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024, siku moja tu baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa. Dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Lakini waliokufa, waliopewa dawa na waliopewa vidonge vitupu kwa pamoja, walikuwa asilimia 1.7, wakati vifo vilivyozoeleka nchini vilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Mizani hii si kamili, maana waliolazwa katika utafiti hawafanani moja kwa moja na wote waliougua vijijini. Hata hivyo walichopewa wote kinajulikana: kulazwa, chakula, maji ya kutosha, na kutibiwa mapema vidonda vilipoingiwa na bakteria. Sehemu kubwa ya orodha hiyo ni kazi ya garde-malade.

Anayemuuguza mtu wa mpox nyumbani basi awe mmoja, si ukoo mzima kwa zamu. Shuka zisikung'utwe, kwa kuwa magamba ya vidonda yana virusi; zikunjwe polepole kuelekea ndani na kuingizwa moja kwa moja kwenye maji ya sabuni. Mgonjwa anaambukiza mpaka kila gamba limedondoka na ngozi mpya imefunika, na dalili kwa aliyegusana naye zinaweza kuchelewa hadi siku 21. Hesabu hiyo huanza siku ya mguso wa mwisho. Kila asubuhi kwa siku hizo anayeuguza ajikague kwenye mwanga wa mlangoni: viganja, katikati ya vidole, uso, kinywa, sehemu za siri. Akiona kipele kipya au homa, aende kituo cha afya mikono ikiwa imefunikwa, na aseme tangu mlangoni amekuwa akimuuguza nani.